Waliohama na Ambao Hawakuhama: Uchambuzi wa Kisa cha Orodha Moja ya Wateja

Kampuni inayozungumziwa hapa huuza intaneti ya nyumbani na ya madukani katika Kaunti ya Mombasa na sehemu za Kilifi zinazopakana nayo, kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Wateja wake hulipa kila mwezi kabla ya kutumia, wengi wao kupitia paybill (nambari ya kampuni ya kupokelea malipo) ya M-Pesa, na kumbukumbu zao zote, yaani majina, simu, vifurushi, tarehe na malipo, hukaa ndani ya programu ya kusimamia malipo ya kila mwezi ambayo kampuni huikodi kutoka ng'ambo. Jina la kampuni na la programu hayatajwi katika uchambuzi huu, kwa kuwa kasoro iliyojitokeza si ya programu hiyo peke yake. Yeyote aliyewahi kuchuja wateja katika mfumo wa aina hii ataitambua.

Idara ya mauzo ilitaka kuwarudisha wateja waliohama. Ofa yenyewe ilikuwa rahisi: aliyeacha huduma akirudi, angelipa nusu ya bei kwa miezi miwili ya kwanza na hangetozwa ada ya kuunganishwa upya. Afisa wa huduma kwa wateja aliombwa atoe orodha ya waliohama. Alifungua ukurasa wa wateja, akaweka vichujio vitatu: hali ya kifurushi iwe "kimesitishwa", tarehe ya kusitishwa iwe ndani ya mwaka uliopita, na mji usiwe Mtwapa, kwa sababu huko mafundi walikuwa wakibadilisha vifaa na hapakuwa na nafasi ya kuunganisha watu. Orodha ilijitokeza papo hapo. Ikapakuliwa kama jedwali la Excel, ikapandishwa kwenye huduma ya kutuma SMS kwa wingi, na kabla ya magharibi ujumbe ulikuwa umekwisha kwenda: karibu tena, rudi ulipe nusu bei kwa miezi miwili.

Asubuhi yake simu zilianza kulia. Mwenye duka la dawa wa Bamburi, ambaye hajawahi kuchelewa kulipa, alimuuliza aliyepokea, "Kwani mimi nilitoka lini, dadangu?" Kisha, kwa haki kabisa, akataka kujua kwa nini aliyeondoka apewe nusu bei ilhali yeye aliyebaki analipa bei nzima. Wengine wa namna yake walifuata. Wakati huohuo fundi anayeshughulikia Kisauni aliwataja kwa kichwa wateja kadhaa waliohamia kampuni nyingine ambao hawakupata ujumbe wowote. Kwa hiyo orodha ilikuwa na wasiotakiwa na ilikosa waliotakiwa, na bado kila mstari wake ulitimiza masharti yote matatu kama yalivyowekwa. Programu ilifanya ilichoambiwa, na hapo ndipo penye ugumu wa kisa hiki, kwa sababu hakukuwa na alama yoyote kwenye skrini ambayo ingemtahadharisha afisa.

Kichujio kiliulizwa nini

Katika programu za aina hii, mteja ni kumbukumbu moja na kifurushi anacholipia ni kumbukumbu nyingine, na mteja mmoja anaweza kuwa na vifurushi kadhaa, vya sasa na vya zamani. Duka la dawa la Bamburi lilianza na kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde. Baadaye mwenye duka akaomba cha megabiti 20. Programu haikukibadilisha kifurushi cha kwanza. Ilikifunga na kukifungua cha pili kando yake. Utaratibu huo una faida yake katika hesabu, kwa kuwa ankara za zamani hubaki zimeambatana na bei ya zamani, na mkaguzi akija hakuna kinachochanganyika. Hata hivyo, kuanzia siku hiyo mteja huyo ana vifurushi viwili ndani ya mfumo: kimoja kimesitishwa na kingine kiko hai.

Kichujio cha "hali ni kimesitishwa", kinapowekwa kwenye ukurasa wa wateja, huuliza kama mteja ana angalau kifurushi kimoja kilichositishwa. Mwenye duka la dawa anacho, basi anaingia. Idara ya mauzo ilikuwa ikiuliza jambo jingine kabisa: ni nani aliyewahi kuwa na kifurushi na sasa hana hata kimoja kilicho hai? Swali la kwanza hutafuta kitu kilichopo. La pili hutafuta kutokuwepo kwa kitu, na ili kulijibu ni lazima vifurushi vyote vya mteja vitazamwe kwa pamoja kabla ya kumtoa au kumuingiza. Skrini nyingi za kuchuja zimejengwa kwa ajili ya swali la kwanza tu.

Baada ya malalamiko, jambo la kwanza lililojaribiwa ni kubadilisha sharti liwe "hali si hai". Wengi wangejaribu hivyo hivyo, na haikusaidia. Sharti hilo linaposomwa na mashine ya namna hii humaanisha kwamba mteja ana angalau kifurushi kimoja ambacho si hai, na mwenye duka la dawa, kwa kifurushi chake cha zamani, akaingia tena. Kuweka neno la kukanusha ndani ya sharti hakutoi matokeo sawa na kuwaondoa watu wote wanaotimiza sharti la kinyume. Anayeandika maswali ya hifadhidata kwa mkono hulimaliza jambo hili kwa kuiambia hifadhidata imchukue mteja ikiwa hakuna kifurushi chake chochote kilicho hai. Anayetegemea vitufe vya skrini hana njia hiyo, isipokuwa mtengenezaji awe ameweka chaguo la "hana hata kimoja", ambalo katika programu hii halikuwepo.

Njia iliyobaki ilikuwa ya kutoa orodha mbili na kuziondoa moja ndani ya nyingine. Orodha ya kwanza ilikuwa ya kila mteja ambaye kifurushi chake chochote kilifikia mwisho, na ya pili ya kila mteja mwenye kifurushi chochote kilicho hai. Katika Excel, safu ya ziada yenye fomula ya COUNTIF huhesabu kama mteja wa orodha ya kwanza anaonekana katika ya pili, na wanaopata sifuri ndio wanaotakiwa. Kulinganisha kulifanywa kwa nambari ya utambulisho ambayo programu humpa kila mteja. Kulinganisha kwa jina au kwa simu kungezaa matatizo mapya, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kuna mtego mwingine wa jamii hiyohiyo ambao haukuleta madhara safari hii ila ulionekana wakati wa kukagua. Mtu akichuja "hali ni kimesitishwa" pamoja na "kifurushi ni cha megabiti 20", huenda akadhani amepata walioacha kifurushi cha megabiti 20. Mwenye duka la dawa atatokea hapo pia, kwa sababu ana kifurushi kilichositishwa na ana kifurushi cha megabiti 20, ingawa si kilekile kimoja. Masharti mawili yametimizwa na vitu viwili tofauti vya mtu mmoja. Wahandisi wanaotumia injini ya kutafutia ya Elasticsearch wanalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa injini hiyo, ikipewa kumbukumbu yenye vitu vingi ndani yake, kwa kawaida huvibomoa na kuchanganya thamani zao, hadi ielezwe waziwazi kwamba kila kitu kisimame peke yake. Mtumiaji wa kawaida hawezi kujua programu yake imejengwa kwa namna gani. Anachoweza ni kuijaribu kwa mteja mmoja ambaye historia yake anaijua vizuri, na jaribio hilo huchukua dakika chache.

Wanaoondoka bila kuaga

Kosa la kuwaingiza wasiohusika lilileta kelele, lakini kwa maoni ya mwandishi kosa la kuwaacha wahusika lilikuwa kubwa zaidi, ingawa hakuna aliyepiga simu kulilalamikia. Wateja waliotajwa na fundi wa Kisauni hawakuwa na kifurushi kilichositishwa. Vifurushi vyao vilikuwa na hali ya "muda umepita", na vilikuwa hivyo kwa miezi mingi.

Programu nyingi za kusimamia usajili zilizaliwa katika masoko ambako mteja huacha nambari ya kadi ya benki na kampuni huikata yenyewe kila mwezi. Hali za vifurushi hufuata mazingira hayo. Stripe, kwa mfano, ina hali ya malipo yaliyochelewa, ambayo kifurushi huingia kadi inapokataa, kisha mfumo hujaribu tena kukata mara kadhaa, na majaribio yakiisha bila mafanikio kifurushi husitishwa, au hubaki kimehesabiwa kuwa hakijalipwa, kulingana na mpangilio aliouchagua mfanyabiashara. Kwa mpangilio huo, aliyetoweka anaweza kufikishwa kwenye mwisho rasmi bila kusema neno. Chargebee nayo inayo hali maalumu ya kifurushi ambacho mwenyewe ameomba kisiendelee ila siku alizolipia hazijaisha. Huyo bado ni mteja, na kumtumia ujumbe wa karibu tena ni kumfukuza kabla hajaondoka.

Mombasa mambo huenda vingine. Hakuna anayemkata mtu. Mteja ndiye anayetuma pesa, na asipotuma, siku ikifika intaneti huzima. Hana sababu ya kupiga simu kusema ninaacha, kwa kuwa hakuna deni linaloongezeka wala ada atakayotozwa akinyamaza. Wanaopiga simu kusitisha ni wachache, na wengi wao hufanya hivyo kwa sababu wanarudisha kifaa au wanahama nyumba. Kwa hiyo kichujio cha "kimesitishwa" kilikuwa kikichota kwenye kisima kisicho na maji mengi: waliobadilisha kifurushi, waliorudisha vifaa, na basi. Walioondoka kweli walikuwa wamelala katika "muda umepita", wakiwa wamechanganyika na watu ambao hawakuondoka kabisa, kama vile familia iliyokwenda bara kwa likizo ya Desemba, au mwenye nyumba anayelipa wiki ya pili ya mwezi kwa sababu mshahara wake huingia wakati huo.

Hapo ndipo palipohitajika uamuzi ambao hakuna programu inayoweza kuutoa, yaani ni baada ya muda gani kimya cha mteja huhesabiwa kuwa ni kuhama. Kampuni iliangalia kumbukumbu zake za malipo na kutazama wateja waliowahi kukaa bila kulipa kisha wakarejea wenyewe, ikaona kwamba wengi wao hurejea ndani ya mwezi mmoja na kwamba baada ya miezi miwili wanaorejea ni wachache mno. Ikaweka mpaka wa siku 60. Kampuni nyingine ingeweza kuweka mpaka mwingine kwa sababu njema vilevile. Ile inayouza kwa shule, kwa mfano, isingeweza kupuuza urefu wa likizo. Muhimu ni kwamba mpaka huo uandikwe mahali, kwa sababu kabla ya hapo kila idara ilikuwa na hesabu yake ya waliohama, na katika vikao hesabu hizo zilikuwa hazikutani.

Ipo pia hatari ya chaguo ambalo hakuna aliyelichagua. Katika Stripe, mtu akiitisha orodha ya vifurushi kupitia API, yaani njia ya programu moja kuiuliza nyingine, bila kutaja hali yoyote, hupewa vyote isipokuwa vilivyositishwa. Asiyejua hilo anaweza kuhesabu wateja wake wa tangu mwanzo na kupata pungufu, akatafuta kosa kila mahali ila pale lilipo.

Mtwapa na nafasi zilizoachwa wazi

Kichujio cha tatu kilionekana kuwa ndicho chepesi kuliko vyote, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyekishuku. "Mji usiwe Mtwapa" kilitarajiwa kumuondoa wa Mtwapa na kumbakiza kila mwingine. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya wa Mtwapa walibaki, kwa kuwa mji ulikuwa ukiandikwa kwa mkono na kumbukumbu zao zilisomeka "Mtwapa Kilifi" au zilikuwa na nafasi tupu mwishoni mwa neno, ambayo jicho haliioni ila mashine inaiona. Nao wateja wa siku za mwanzo wa kampuni, waliosajiliwa kabla ya sehemu ya mji kuwekwa kwenye fomu, waliachwa nje ya orodha wote, hata wa Nyali na Tudor.

Sababu ya hilo la pili iko ndani kabisa ya lugha ya SQL inayotumiwa na hifadhidata nyingi. Sehemu isiyojazwa haihesabiwi kuwa ni neno tupu. Huhesabiwa kuwa haijulikani. Hifadhidata ikiulizwa kama mji usiojulikana ni Mtwapa, haijibu ndiyo wala siyo. Ikiulizwa kama si Mtwapa, haijibu ndiyo wala siyo vilevile. Na kwa kuwa kichujio hubakiza tu wale ambao jibu lao ni ndiyo, mteja asiye na mji huanguka katika maswali yote mawili. Ukitoa orodha ya wa Mtwapa na orodha ya wasio wa Mtwapa kisha ukazijumlisha, hupati idadi ya wateja wote, na tofauti hiyo ndiyo idadi ya nafasi zilizoachwa wazi. Kampuni ilikoma kutumia mji kwa kazi hii na kuchukua mahali pake kituo ambacho laini ya mteja inaunganishwa nacho, kwa sababu hicho huwekwa na fundi kwa kuchagua kwenye orodha, na bila hicho huduma haiwaki.

Kumtafuta mtu mmoja simu ikiwa sikioni

Wakati orodha ikichunguzwa, wapokeaji wa simu walikuwa na shida yao. Kila aliyepiga alitakiwa kupatikana ndani ya mfumo upesi ili ijulikane ana kifurushi gani na kwa nini alipata ujumbe. Kuchuja ni kutafuta kundi kwa sifa, na kutafuta kwa kisanduku cha juu ni kumtafuta mtu mmoja kwa jina au simu. Wengi hudhani cha pili ni rahisi kwa kuwa ni kimoja.

Simu ya mteja ilikuwa imehifadhiwa kwa namna tofauti kulingana na nani aliyemsajili: wengine 07 na tarakimu zinazofuata, wengine 2547, wengine alama ya kujumlisha mbele, wengine nafasi baada ya kila tarakimu tatu. Kisanduku cha kutafuta kililinganisha kuanzia mwanzo wa nambari, kwa hiyo aliyeandika 07 hakumpata aliyehifadhiwa kwa 254. Dawa yake inajulikana: nambari zote zihifadhiwe kwa umbo moja, 254 na tarakimu 9, na kila kinachoandikwa kwenye kisanduku kigeuzwe kiwe umbo hilo kabla ya kutafutwa. Anayefanya usafishaji huo asisahau kwamba siku hizi zipo nambari za Kenya zinazoanza na 01, kwani kanuni iliyoandikwa ya kukubali 07 pekee itawatupa wateja hao bila kutoa taarifa. Kwa muda, wapokeaji wa simu walielekezwa kutumia chaguo la "ina" badala ya "inaanza na", na kuandika tarakimu 6 za mwisho, njia ambayo hata hivyo haiwapati waliohifadhiwa kwa nafasi katikati.

Kwenye malipo mambo yalikuwa magumu zaidi. Anayelipa si lazima awe mteja. Mama wa Kisauni hulipiwa na mwanawe aliye Nairobi au Doha, na jina linaloonekana kwenye muamala wa M-Pesa ni la mwana, au la rafiki yake aliyeombwa atume. Nambari ya akaunti huandikwa na mlipaji kwa kidole chake, akaweka herufi O mahali pa sifuri, au akaandika nambari ya simu mahali pa akaunti. Zaidi ya hayo, taarifa ya malipo inayomfikia mwenye paybill siku hizi huja na nambari ya mlipaji iliyofichwa baadhi ya tarakimu, jambo jema kwa faragha ya mlipaji, ila linamaanisha kwamba simu haiwezi tena kuwa uzi wa kuunganisha malipo na mteja. Nambari ya akaunti ndiyo iliyobaki, na kwa hiyo inafaa iwe fupi, ya tarakimu tupu, na ichapishwe kwenye kila SMS ya kumkumbusha mteja kulipa.

Majina yanastahili nafasi yake. Fomu ya programu hutaka jina la kwanza na jina la mwisho, ilhali watu wengi wa pwani hufuata mfuatano wa jina lake, la baba na la babu. Mtu huyohuyo anaweza kusajiliwa leo kwa jina lake na la baba, na mwaka ujao, akifungua laini ya dukani, kwa jina lake na la babu, na kwa programu hao ni watu wawili. Ndivyo baadhi walivyopata ujumbe mara mbili. Juu ya hilo, tahajia hutofautiana kutoka kitambulisho kimoja hadi kingine: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Rashid na Rashidi, Khadija na Hadija, Uthman na Athumani.

Programu nyingine hujisifu kwa utafutaji unaovumilia makosa, na ni vizuri kujua uvumilivu huo unafanya kazi vipi. Mbinu ya kale zaidi ni Soundex, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1918, ambayo hubakiza herufi ya kwanza na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Mohamed na Muhammad wote huwa M530, na Rashid na Rashidi huwa R230, kwa hiyo hapo inafaa. Lakini Khadija huwa K320 na Hadija H320, na mbinu hiyo haiwezi kuwakutanisha kwa sababu inaiamini mno herufi ya kwanza. Mbinu mpya zaidi, inayopatikana katika hifadhidata ya PostgreSQL, hukata jina katika vipande vya herufi tatu tatu, pamoja na nafasi tupu za mwanzo na mwisho, na kuhesabu vipande vinavyofanana. Khadija hutoa vipande 8 na Hadija 7. Vya pamoja ni 5, na jumla ya vipande visivyorudiwa ni 10, kwa hiyo ufanano ni 0.5, juu ya kiwango cha kawaida cha 0.3. Wanakutana. Athumani na Uthman hawana bahati hiyo: vipande 9 kwa 7, na cha pamoja ni kimoja tu, yaani 1 kati ya 15. Kwa majina ya namna hiyo hakuna hesabu itakayosaidia, isipokuwa mtu anayeyajua majina ya pwani aketi na kuandika orodha ya majozi, nayo iingizwe kwenye mfumo. Si kazi kubwa, ila haiwezi kufanywa na mtengenezaji aliye ng'ambo.

Orodha ya pili

Kabla ya ujumbe mwingine kutumwa, mambo mawili zaidi yalirekebishwa. La kwanza ni saa. Programu ilihifadhi tarehe zote kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, na kichujio kilisoma tarehe hizo bila kuzigeuza, hivyo kifurushi kilichokwisha usiku wa manane kuamkia Januari 1 kilihesabiwa kuwa cha Desemba 31. Waliodhurika walikuwa wachache.

La pili lilikuwa zito zaidi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kupinga taarifa zake kutumiwa kwa matangazo, na wapo wateja waliokwisha kusema hawataki. Tatizo ni kwamba maombi yao yaliandikwa katika sehemu ya maelezo, kwa maneno ya kila afisa, na vichujio vya programu havikufika huko. Ilibidi maelezo yote yasomwe na kila mmoja wa hao awekewe lebo inayoweza kuchujwa. Jedwali la Excel la siku ya kwanza nalo lilipatikana bado limekaa kwenye kompyuta mbili na kwenye barua pepe ya mtu wa mauzo, likafutwa.

Ukaguzi wa orodha ya pili haukutegemea kuipitia mstari kwa mstari, kazi ambayo huchosha macho na mara nyingi haioni kitu. Walichaguliwa wateja ambao majibu yao yalijulikana tayari: mwenye duka la dawa, ambaye asingepaswa kuonekana, jirani mmoja wa Kisauni aliyetajwa na fundi, ambaye angepaswa kuonekana, mteja wa zamani asiye na mji, na mmoja aliyeomba asitumiwe matangazo. Kisha hesabu zikalinganishwa, kwa kuwa walio hai, waliohama, walionyamaza chini ya siku 60 na wale ambao hawakuwahi kuwa na kifurushi wakijumlishwa walitakiwa kulingana na wateja wote. Mara ya kwanza hazikulingana, na tofauti ilipofuatwa ilionekana kuna kundi ambalo lilikuwa halijafikiriwa, yaani wateja waliosimamisha kifurushi kwa muda kwa makubaliano. Hao waliachwa nje. Utaratibu huo wa orodha mbili ulihifadhiwa kwa jina linalosema unachofanya, "Hana kifurushi hai, siku 60 na zaidi", mahali pa lile la awali lililosema "Waliohama" pekee, na muda wake ukawekwa kama siku zinazohesabiwa kurudi nyuma kutoka leo, ili atakayeutumia mwakani asipate orodha ya mwaka huu.

Kuhusu wateja walio hai waliopata ujumbe kwa makosa, kampuni iliamua kuwapunguzia bei ya mwezi mmoja wale waliopiga simu. Mwandishi anaona ingekuwa haki zaidi kuwapunguzia wote waliotumiwa, kwa sababu aliyenyamaza aliusoma ujumbe uleule, na orodha yao ilikuwa rahisi kuipata: ni watu waliotumiwa ujumbe wa kwanza ambao wamo katika orodha ya walio hai.

Lipo kundi moja ambalo kanuni mpya haikulitosha. Wenye nyumba za kupangisha za Nyali na Bamburi husajiliwa kama mteja mmoja mwenye laini nyingi, moja kwa kila nyumba, na mpangaji akihama laini yake hunyamaza huku nyingine zikiendelea. Kwa kanuni ya kutokuwa na kifurushi chochote kilicho hai, mwenye nyumba hawezi kamwe kuonekana kuwa amehama, hata nyumba nne kati ya kumi zikiwa gizani. Kwake swali linapaswa kuulizwa kwa laini, si kwa mtu, na ofa ya kurudi haina maana kwa kuwa anayeamua ni mpangaji ambaye hata jina lake halimo kwenye mfumo. Hao waliwekewa lebo yao, wakatolewa kwenye ujumbe wa jumla, na afisa wa mauzo akapewa nambari zao awapigie mmoja mmoja.